Beseni Langu na Mguu wa Kétsia

Mume wangu Kanyamibwa hajawahi kuninunulia kitenge bila kukumbushwa, lakini anaweza kuchuchumaa saa nzima nyuma ya ng'ombe wa mtu mwingine, akimtazama mguu. Nasema hivi mapema ili msinisikilize kama mtu asiye na upande. Nina wivu. Nimekuwa nao tangu aliponioa, na mwaka huu nilimwonea wivu farasi.

Tunakaa juu ya Mushaki, kwenye malisho ya Papa Gakwaya, tajiri anayeishi Goma na kupanda huku mara mbili kwa mwezi, barabara ikimruhusu. Ng'ombe ni wake, nyasi ni zake, na nyumba tunayolala ni yake. Sisi tulikuwa na ng'ombe wetu kumi na mmoja. Wakachukuliwa ile siku tulipokimbia vita kwenda Mubambiro, ambako tulikaa miezi minane chini ya turubai, karibu na kambi ya askari. Tuliporudi, Papa Gakwaya alimfanya Kanyamibwa mchungaji wake mkuu. Mimi nakamua, naosha vyombo, na kila asubuhi nateremsha bidoni mbili za maziwa hadi barabarani, ambako mtu wa pikipiki anazichukua kwenda Sake. Ni dakika arobaini kuteremka. Kupanda, inategemea mguu.

Ng'ombe wa milima hii huoza miguu mvua ikizidi. Unyevu unaingia katikati ya kwato mbili, panavimba, panatoa harufu, na ng'ombe anaacha kula. Hapo ndipo anapoitwa Kanyamibwa. Anamwangusha, anamfunga, kisha anapitisha kamba ya katani katikati ya kwato na kuivuta huku na huku, mpaka uchafu wote utoke na damu safi ionekane. Halafu anaweka mrututu, ile dawa ya bluu, halafu majivu makavu. Siku ya tano ng'ombe anakanyaga. Watu wanatoka hadi Ngungu kumfuata, na sijawahi kumwona akikataa, hata chakula kikiwa mezani.

Ujuzi huo hakuurithi kwa baba yake. Alipokuwa kijana, kabla sijamjua, alikwenda Walikale kutafuta maisha. Alibeba mawe ya madini kutoka Bisie, gunia la kilo hamsini mgongoni, siku mbili msituni, zamani kabla ya mashine kufika. Anasema kwenye njia ile hakuna aliyekuuliza jina lako, walitazama miguu yako tu, maana mwenye mguu mbaya aliachwa. Siku alipoamua kurudi nyumbani alizunguka njia ya Itebero na wenzake watatu, na huko mguu wake wa kushoto ukavimba na kuoza. Wenzake wakamwacha. Mama mmoja wa Itebero, ambaye hakumjua hata kidogo, alimchukua kwake akamwosha ule mguu kwa maji ya moto na chumvi, asubuhi na jioni, siku tisa.

"Ule mama alikuwa na mikono," huwa anasema, na akisema hivyo anatazama ukuta.

Tumeoana miaka ishirini na sita. Sijawahi kumsikia akisema kwamba mimi nina mikono. Yule mama wa Itebero kwa sasa ni bibi kizee, kama yu hai, lakini wivu wangu ulianza na yeye. Wa pili alikuwa Kaswera, dada wa Butembo mwenye duka la dawa za mifugo pale Mushaki, ambaye mume wangu akienda kwake kununua mrututu hurudi baada ya saa mbili, amejaa habari. Wa tatu alikuwa Kétsia.

Kétsia ni farasi jike, rangi ya chai ya maziwa, mwenye alama nyeupe usoni. Papa Gakwaya alimnunua mwaka jana kwa ajili ya binti yake, na binti akampa jina hilo. Pasta wetu ana mtoto anaitwa Kétsia, aliyebatizwa, anayeimba kwaya. Sasa jioni mume wangu anasimama mlimani anaita, "Kétsia, kuja mama, kuja," na majirani wanasikia. Wao walimwita punda, na kila mara Kanyamibwa aliwasahihisha kama mtu aliyetukanwa nyumbani kwake. Binti mwenyewe alikuja mara tatu, akapiga picha, akachoka na baridi. Farasi akabaki wa mume wangu.

Ngoja niseme na habari yangu, maana bila hiyo hamtaelewa. Mwezi wa kwanza, nikifunga mlango wa zizi asubuhi, kijiti cha mwanzi wa ua kiliniingia kisigino cha kulia. Nilikivuta, kikakatika, ncha ikabaki ndani. Ngozi ilifunga juu yake. Kwa nje huoni kitu, lakini nikikanyaga vibaya naona giza. Nikaanza kutembea kwa ubavu wa mguu. Myriam, jirani yangu, aliniona wiki ya kwanza.

"Mama Gisubizo, uko unachechemea," alisema.

"Ni baridi tu," nikamjibu.

Sikumwambia Kanyamibwa. Mnaweza kuniita mjinga. Lakini mwanaume anayetambua mguu mbovu wa ng'ombe akiwa ng'ambo ya bonde, kwa nini nimwambie? Nilitaka aone mwenyewe. Nilitaka siku moja aniangalie nikipanda ule mlima na bidoni tupu, aseme, "Simama, leta huo mguu." Hicho tu ndicho nilichokitaka mwaka huu, na nilikingoja kila siku, nikipita mbele yake.

Mwezi wa tano, katika mvua za mwisho, Kétsia alianza kuchechemea mguu wa mbele wa kushoto. Kanyamibwa aliona saa hiyohiyo. Farasi hakuwa hata amemaliza hatua ya tatu.

Nilikuwa kwenye kibanda cha maziwa nilipomwona akitoka nyumbani na beseni langu. Beseni hilo ni la bati jeupe lenye ukingo wa bluu, nililopewa na mama siku ya harusi. Nilimwogeshea Gisubizo, mtoto wetu wa kwanza, ambaye sasa ameolewa Goma, na wote waliomfuata. Kila robo mwaka, sisi Wasabato tunapotawadhana miguu kabla ya Meza ya Bwana, akina mama hupeleka mabeseni yao kanisani, na langu ndilo linalochaguliwa kwanza kwa sababu halivuji. Mume wangu aliliweka kwenye nyasi, akamimina maji ya moto niliyochemsha kwa ajili ya vyombo, akatia chumvi, akapima kwa kiwiko kama mtu anayeogesha mtoto mchanga. Halafu akainua mguu wa farasi akautia ndani.

"Papa Gisubizo, ile beseni iko ya nani?" nikamuuliza.

"Ni yako."

"Na ule ameweka mguu ndani, njo miye?"

"Mama Gisubizo, iko mugonjwa. Hakuna kintu ingine inaenea mguu yake."

"Miye na watoto ine tulieneaka."

Alikuwa anaongea na Kétsia kwa sauti ambayo sikuijua, sauti ya chini, laini, akimwambia kwamba maji si ya moto sana, avumilie. Nilirudi kibandani nikaosha bidoni ileile mara mbili.

Sasa, mume wangu ni fundi wa miguu ya ng'ombe, na ng'ombe ana kwato mbili kila mguu. Ugonjwa unakaa katikati yake. Farasi ana kwato moja, duara, iliyofungwa pande zote. Kanyamibwa aliigeuza, akatafuta katikati, na hakuipata. Alichokipata ni ile nyama ngumu iliyo chini ya unyayo wa farasi, yenye ncha mbele, na juu yake kifereji kidogo. Kifereji kilikuwa kinanuka, maana matope yalikaa humo. Basi akaamua kwamba hapo ndipo katikati penyewe, kwamba mguu wa farasi ni mguu wa ng'ombe ambao haukumaliza kupasuka, na ugonjwa umefungiwa ndani.

"Iko imefungwa," aliniambia jioni, amefurahi kama aliyepata ufunguo. "Inaomba kufunguliwa tu."

Kila siku alikichonga kile kifereji kidogo zaidi kwa kisu chake kilichopindwa ncha. Alipitisha kamba nyembamba, akaivuta huku na huku, akaweka mrututu. Farasi alitetemeka mwili mzima. Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili. Badala ya kukanyaga, Kétsia akawa anasimama kwa miguu mitatu, ule wa nne ukigusa ardhi kwa ncha tu. Akakonda. Kanyamibwa naye akakonda. Alikwenda kwa Kaswera mara tatu kwa wiki moja, akarudi na dawa ya kahawia ya kusafishia vidonda, pamba, sukari ya kuchanganya na dawa, na kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki akamshonea farasi kiatu. Kiatu, nasema. Mimi navaa kandambili zilizofungwa kwa waya.

Nilipopita dukani kwa Kaswera kununua sabuni, akacheka kidogo na kusema, "Mama, bwana yako anapenda ile farasi kama muntu. Anaulizaka dawa yake mpaka ninaona haya."

"Kwangu haoni haya," nikasema, nikachukua sabuni yangu nikapanda mlima kwa ubavu wa mguu.

Mtu mwenye wivu haondoi macho. Mume wangu alimwangalia Kétsia asubuhi na jioni, mimi nilimwangalia siku nzima. Kutoka mlango wa kibanda cha maziwa namwona akila, akikojoa, akilala. Nilijua upande anaogeuzia masikio akisikia buti za mume wangu. Nilimchunguza nikitafuta cha kumchukia, na ndivyo nilivyoona kitu.

Asubuhi farasi alipokunywa maji, alisimama kwenye matope karibu na birika la kunyweshea ng'ombe, na kwato zake zote zilipakwa udongo mpaka kwenye nywele. Halafu akapanda kwenye nyasi kusimama juani. Kwato tatu zilikauka polepole, sawasawa, kutoka juu kwenda chini. Ya nne, ile ya mbele kushoto, ilikauka kwanza mahali pamoja tu, upande wa nje, karibu na ncha. Doa lenye ukubwa wa mdomo wa kikombe likawa jeupe wakati pengine pote bado ni peusi.

Mimi nasiriba. Kila mwaka napaka udongo na samadi kwenye kuta za nyumba na za kibanda, na najua ukuta unavyokauka. Pale moto wa jikoni ulipo kwa ndani, hapo udongo unakuwa mweupe kwanza. Ukuta haufichi moto. Niliposimama na bidoni mkononi nikaliona lile doa, nilijua kuna moto nyuma yake, na kwamba haupo katikati, mahali mume wangu anapochonga. Upo pembeni, ndani ya kwato.

Nikanyamaza.

Kesho yake niliangalia tena. Doa palepale. Siku ya tatu palepale, na ya nne. Jioni ya siku ya nne, mume wangu alikaa mlangoni, mikono ya bluu kwa mrututu, akaniuliza kama nadhani Kétsia atapona. Nikasema, "Miye ninajua nini juu ya farasi?" Nilifurahi kusema hivyo. Sitawadanganya. Nilihisi utamu hasa, kama wa mtu anayekula kitu peke yake.

Siku ya tano ilikuwa Ijumaa. Papa Gakwaya akapiga simu. Kanyamibwa aliweka sauti ya nje kwa sababu sikio lake moja halisikii vizuri, basi nilisikia kila neno.

"Kanyamibwa, ile farasi imeteswa sana. Dimanche ninakuja na muntu wa bunduki, tuimalize. Chimba shimo mbele tufike."

"Patron, unipatie wiki moja tu."

"Nilikupatia tatu. Chimba shimo."

Alizima simu akaiweka mfukoni. Halafu mume wangu akalia. Alilia akiwa amesimama, machozi yakishuka tu, bila sauti. Mtu huyu hakulia siku ng'ombe wetu kumi na mmoja walipochukuliwa. Hakulia Mubambiro. Nilisimama nikimtazama. Nikajisemea, basi, Jumapili itafika, shimo litafukiwa, na nitamrudisha mume wangu.

Nilikwenda kukamua na wazo hilo. Nilikuwa kwenye ng'ombe wa tatu nilipomkumbuka mama yangu.

Mama aliolewa na baba baada ya mke wa kwanza wa baba kufariki. Nimekua nikisikia habari za yule marehemu kila siku. Maharage yake hayakuungua. Maziwa yake hayakumwagika. Alikuwa na sauti nzuri, alikuwa na mwendo mzuri, hakujibu vibaya. Mama alizeeka mbele ya baba, meno yakang'oka, mgongo ukapinda, na yule mwingine akabaki na miaka yake ishirini na mitatu mpaka baba alipofariki. Mama aliniambia mara moja tu, tukichambua maharage, kwamba mke mwenza aliye hai angekuwa nafuu, angalau angemwona akikohoa.

Nikaacha kukamua, chuchu ya ng'ombe mkononi. Kétsia akipigwa risasi Jumapili, atakuwa wa Kanyamibwa milele. Mguu wake hautachechemea tena. Nitamsikia mezani mpaka nife, yeye na yule mama wa Itebero, na Kanyamibwa akitazama ukuta. Hapana. Huyu farasi lazima apone, anenepe, azeeke, ang'oke meno, aume watu, mume wangu amchoke.

Hiyo ndiyo sababu iliyonifanya niseme. Majirani wanasema niliona huruma. Waache waseme.

Nilichukua udongo laini kwenye ndoo, nikaukoroga na maji kama wa kusiriba, nikaenda alipokuwa amefungwa farasi. Kanyamibwa alikuwa ameshika jembe la kuchimbia na hajaanza.

"Ushike kichwa yake," nikamwambia.

"Unafanya nini?"

"Ushike tu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa. Nilimpaka udongo kwenye kwato mbili za mbele, unene mmoja, kwa kiganja, kutoka kwenye nywele hadi chini. Kétsia aliniinamia akaninusa kilemba. Pumzi yake ilikuwa ya joto na ilinuka nyasi, na nilikasirika kuona kwamba haikuwa mbaya.

"Sasa uangalie," nikasema.

Jua lilikuwa limetoka, jepesi, la kwetu. Tulikaa kwenye nyasi pamoja, mimi na yeye, jambo ambalo hatujalifanya tangu tuwe wachumba. Haikuchukua muda. Mguu wa kulia ulibaki mweusi wote. Wa kushoto, upande wa nje karibu na ncha, doa likaanza kuwa jeupe, likapanuka mpaka likafikia mdomo wa kikombe, likasimama.

"Moto iko pale," nilisema. "Haiko katikati. Katikati ni yako weye na ng'ombe yako."

Kanyamibwa aliweka kiganja juu ya doa, akaweka kingine kwenye kwato ya kulia, akalinganisha. Kisha akageuka, akampa farasi mgongo, akashika mguu katikati ya magoti yake na kuanza kuukwangua unyayo chini ya pale nilipomwonyesha. Alikwangua kidogo, akafuta, akakwangua. Akaona kistari cheusi, chembamba kama uzi. Akakifuata kwa ncha ya kisu mpaka ndani. Ghafla usaha mweusi ukaruka, ukampata mkononi na kwenye shati, na harufu yake ikatufanya sote wawili tugeuze uso. Ndani yake kulikuwa na kijiwe kidogo kama punje ya mtama.

Farasi alishusha pumzi ndefu, ya mtu kabisa. Mguu ulipoachiwa aliuweka chini. Aliuinua tena, akafikiri, akauweka chini wote.

Siku hiyo nilichemsha maji mimi mwenyewe na nikaleta beseni bila kuombwa. Aliloweka mguu, akaziba tundu kwa pamba yenye dawa na sukari, akamvika kile kiatu cha mpira. Kila alichokifanya alikifanya vizuri, nakiri. Alinitazama mara moja, kwa mshangao, kama vile nimeanza kuongea Kifaransa, akasema, "Uko na macho, Mama Gisubizo." Nilingoja aongeze. Nilisimama pale kwa mguu mmoja, kisigino kimeinuka, mbele yake kabisa. Akarudi kumtazama Kétsia.

Jumapili Papa Gakwaya alifika na mtu wake wa bunduki, akamkuta farasi anatembea, si vizuri, lakini kwa miguu minne. Mtu wa bunduki alipewa maziwa akateremka kungoja garini. Papa Gakwaya alimzunguka farasi mara mbili, akampiga mume wangu begani.

"Kanyamibwa, weye ni docteur. Ulifanya namna gani?"

"Tuliona udongo inakauka mbio pahali moja," akasema mume wangu. "Tukafungua pale."

Tuliona. Nilikuwa nimeshika trei ya vikombe, nikalisikia lile "tu" na kulipima. Lilikuwa dogo sana. Papa Gakwaya hakuuliza ni nani mwingine. Alipiga picha ya mume wangu na farasi, na kabla ya wiki kwisha watu waliokuwa wanasema punda walikuwa wanamwita Kanyamibwa daktari wa farasi. Kaswera aliibandika ile picha dukani. Nikaacha kununua sabuni kwake.

Sabato ya mwisho ya mwezi wa sita ilikuwa ya Meza ya Bwana. Nilipeleka beseni langu kanisani Ijumaa kama kawaida, nimelisugua kwa majivu mpaka likalia. Kawaida wanaume hutawadhana peke yao na sisi peke yetu, na nilikuwa nimekubaliana na Myriam. Lakini safari hii pasta alisimama akasema kwamba anaona ndoa nyingi zimechoka na vita na kukimbia, basi robo hii kila mume atamwosha mke wake, na mke mume wake. Watu wakacheka kwa aibu. Nilitafuta mlango.

Walitupanga kwenye mabenchi ya shule ya Sabato, na Kanyamibwa akaja na beseni. Kati ya mabeseni yote alichukua langu, sijui kama alichagua. Kwetu, kabla ya maji kugusa mguu, mnaambiana kilichopo moyoni, maana huwezi kwenda Mezani na kinyongo. Alipiga magoti. Nikaona ni vyema nitangulie.

"Nilijua siku ine mbele ya kukuambia," nikasema kwa sauti ya chini. "Nilikuwa naona lile doa na nilinyamaza. Nilikuwa nataka akufe."

Aliinamisha kichwa. Kwa muda nilifikiri atainuka aondoke, na sijui ningefanya nini.

"Nimekusamehe," akasema mwisho. Alisema kwa shida, lakini alisema.

"Na weye?"

Alifikiri kwa uaminifu. Namjua akifikiri.

"Miye sina kintu," akasema. "Sikukukosea, nafikiri."

Akachukua mguu wangu wa kulia, akautia majini. Alikuwa amepima kwa kiwiko, niliona shati lake limelowa. Aliosha juu, akaosha vidole. Halafu mikono yake ikafanya yenyewe ilichozoea. Aliugeuza unyayo kidogo kwenye mwanga, na kidole gumba kikaanza kutembea ukingoni, kikibonyeza, kikiacha, kikibonyeza, kama nilivyokiona kikifanya wiki tatu kwenye mguu mwingine. Kilifika kisiginoni. Nikavuta mguu na maji yakamwagika.

Akaacha kuosha. Akaushika tena, kwa nguvu safari hii, akabonyeza palepale, taratibu, akiwa anatazama uso wangu na si mguu. Sikuweza kuyazuia macho yasijifumbe kwa maumivu.

"Tangu lini?" akauliza.

"Mwezi wa kwanza."

Nilimwona akihesabu, mwezi kwa mwezi, kila asubuhi ya bidoni mbili na kila kupanda mlima mbele yake. Kwenye mabenchi mengine watu walikuwa wamemaliza, wanafuta miguu kwa taulo, wimbo umeanza.

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Na Kétsia, alikuambiaka?"

Watu walisimama kwenda Mezani, pasta akatuita kwa mkono, na mume wangu akabaki amepiga magoti kwenye maji yaliyomwagika, kisigino changu mkononi, akimwomba Myriam amletee maji mengine, ya moto, na chumvi.